TULIONYESHWA MVINYO, HATUKUONYESHWA MCHUMAJI

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wa tawi wa juzi tulilaumiwa mbele ya watu. Ilisemwa ya kwamba sisi wajumbe watatu tuliokwenda Afrika ya Kusini mwezi wa Machi tulikiaibisha chama, kwa kuwa tulimwuliza mtembeza wageni swali lisilo la adabu. Basi twataka kila mwanachama alisome swali lenyewe, kisha aamue.

Kazi iliyotupeleka Cape Town ilipokwisha, wenyeji wetu walitupeleka Franschhoek, bonde la mizabibu. Huko wageni huzungushwa shamba hata shamba kwa tramu iliyoanza mwaka 2012, nayo hupita juu ya reli ya zamani. Sisi watu wa reli tulifurahi, hatukatai. Milima ni mizuri, nyumba ni nyeupe, na kila kituo mgeni hupewa mvinyo kidogo wa kuonja. Mtembezaji alitueleza mengi, na alieleza vizuri: ya kwamba Jan van Riebeeck wa kampuni ya Waholanzi alipata mvinyo wa kwanza wa Cape mwaka 1659, ya kwamba Wafaransa Waprotestanti waliokimbia mateso ya dini walifika mwaka 1688. Alitaja aina za zabibu na umri wa mapipa.

Lakini wachumaji tuliwaona kwa mbali tu, wameinama katikati ya mistari, na tramu haikusimama. Ndipo tukauliza: "Wale wanalipwa kiasi gani kwa siku?" Hilo ndilo swali. Mtembezaji akacheka kidogo, akasema hayo hayamo katika kazi yake, akajaza gilasi.

Ndugu, hatumlaumu yeye. Naye ni mfanya kazi, hulipwa aseme aliyopewa kusema. Twayalaumu maneno aliyopewa, maana yaliyoachwa ni haya.

Watumwa waliletwa Cape tangu mwaka 1658, wengine kutoka Bara Hindi, Madagaska na Msumbiji, na jasho lao limo katika mizabibu ile. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, na hata hapo walifungwa kwa bwana zao miaka minne zaidi kwa jina la uanagenzi. Kisha ikabaki desturi ambayo Makaburu waliiita dop: sehemu ya ujira ililipwa kwa mvinyo hafifu, kikombe baada ya kikombe, tangu asubuhi hata jioni. Mtu aliyeleweshwa hahesabu mshahara wake. Desturi hiyo ilikatazwa na sheria, lakini katika mashamba mengine iliendelea hata miaka ya 1990. Madhara yapo hata leo: jimbo la Western Cape ni miongoni mwa mahali duniani penye watoto wengi zaidi walioharibiwa na pombe wangali tumboni mwa mama zao.

Mwaka 2012 wafanya kazi wa mashamba ya zabibu za kula, huko De Doorns, waligoma. Mshahara wa chini wa sheria ulikuwa randi 69 kwa siku. Wao walidai 150. Mgomo ulienea, watu walikufa, na tangu Machi 2013 kiwango kikawa randi 105. Nyongeza hiyo haikupatikana kwa kunyamaza kwa adabu.

Wengine watasema mgeni hamwulizi mwenyeji bei ya chakula. Ni kweli. Lakini sisi hatukwenda kwa nauli ya mwenye shamba. Tulikwenda kwa ada zenu. Wengine watasema watu wakikataa mvinyo ule, mchumaji atakosa kazi. Hatukusema watu wakatae. Tulisema waulize.

Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za shamba la mizabibu la Nabothi, na za yule mwenye shamba aliyewalipa vibarua dinari jioni. Katika hadithi zile mbili hakuna hata moja inayosifu utamu wa mvinyo. Zauliza shamba ni la nani, na kibarua amepata nini.

Wala tusijidanganye ya kuwa haya ni mambo ya Cape tu. Wageni huja Limuru na Kericho kutembezwa katika chai, nao huonyeshwa jani na kikombe. Na sisi wenyewe, nani hamjui msimamizi aletaye kreti ya bia mwisho wa mwaka, na ovataimu ya miezi mitatu ikasahauliwa? Bia ile si zawadi. Ni fedha yako mwenyewe, tena pungufu. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza mshahara kulipwa mahali panapouzwa pombe, isipokuwa kwa walioajiriwa hapo. Walioitunga walijua sababu.

Kwa hiyo twaomba mkutano ujao upitishe neno moja: kila mjumbe wa chama anayetembezwa mahali pa kazi, pawe shamba, kiwanda au bandari, aulize mshahara kabla ya kuonja. Kama jibu linaleta aibu, aibu hiyo ni ya anayelipa, si ya anayeuliza.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wajumbe wenu watatu.