Kumbukumbu Isiyokumbuka

Nilipounga kompyuta yangu ya kwanza ya michezo hapa Nanganga, niliponzwa na neno. Niliambiwa RAM ni “kumbukumbu”; fedha ya korosho ikaishia kwenye gigabaiti 32 za hiyo, na diski ya 120 tu, nikidhani michezo itakaa humo. Mchezo mmoja uliijaza diski. Umeme ulipokatika, “kumbukumbu” ilisahau yote, nayo ndiyo tabia yake: hushika kinachotendwa sasa, diski ndiyo huhifadhi. Waunda istilahi walitafsiri jina la Kiingereza, hawakuitazama kazi. Mimi napendekeza “jamvi”: hutandikwa shughuli ianzapo, hukunjwa iishapo. Malenga wenzangu, mnalo lililo bora? Leteni. Msimu ujao wa korosho nanunua diski.