Mtoto wa Basuba na Mlango wa Chuo Kikuu



Katika wadi ya Basuba, kaunti ya Lamu, wanaishi ndugu zetu Waaweer, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Waboni. Wazee wao waliishi kwa asali na mawindo, hadi serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tumaini la vijana wao sasa ni elimu. Lakini mashambulizi ya mwaka 2014, na operesheni ya Linda Boni iliyofuata mwaka 2015, yalisababisha shule zao kufungwa kwa miaka, na baadhi ya watoto wakapelekwa bweni Mokowe, mbali na mama zao.

Mtoto aliyepotewa na miaka hiyo hufanya mtihani uleule na mtoto wa Mombasa, na wote hutakiwa kupata alama ya C+ ili wasomee shahada. Ibara ya 56 ya Katiba yaitaka serikali iwape jamii zilizotengwa nafasi maalumu za elimu. Hiyo ni haki yao, nasi tuwasaidie kuidai. Hata hivyo, ombi la mkopo wa HELB hufanywa kwa intaneti, nalo lahitaji kitambulisho na wadhamini. Mzazi asiyepata kusoma atamwongozaje mwanawe?

Hapa ndipo nyumba zetu zinapohitajika. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na Chuo Kikuu cha Ufundi kiko Mombasa, karibu na milango yetu. Tusidhani kuwa sadaka ni karo peke yake. Kumjazia kijana fomu ni sadaka. Kumpa kitanda wakati wa likizo fupi, asipokuwa na nauli ya kurudi Kiangwe, ni sadaka. Na binti aliye mbali na kwao ahitaji mama wa kumuuliza hali kila wiki, hasa muhula wa kwanza, upweke unapomshawishi arudi nyumbani.

Tumpokee kwa heshima, bila kumcheka lafudhi wala asili yake. Wazazi wake waujua msitu kwa elimu ambayo sisi hatukuirithi.

Tunaziomba kamati za misikiti na vikundi vya akina mama: kila kimoja kimtafute mwanafunzi mmoja, kimshike mkono tangu kidato cha nne hadi siku ya mahafali. Inshallah, atakayehitimu atawafungulia njia wadogo zake.