Mtoto Achoraye Kaa

Mtoto wa mtumishi wa serikali hutazamiwa mambo mengi: asome, ajue hesabu, awe na mwandiko safi, na akikua apate kazi. Hatuna ugomvi na matazamio hayo. Lakini twaona kwamba katika nyumba zetu nyingi lipo jambo moja linalodharauliwa bila kupimwa, nalo ni mtoto kuchora na kuunda vitu kwa kuangalia viumbe vilivyo karibu na kwao. Akionekana na mkaa mbele ya ukuta huitwa mchafu. Akionekana na makombe ya pwani mfukoni huitwa mvivu. Sisi twasema kwamba mtoto huyo yumo kazini.

Twende Feri maji yakupwapo. Karibu na mahali pantoni ivukapo kwenda Kigamboni, watoto huchora mchangani kwa vijiti na kupanga makombe na vifuu vikawa samaki na ndege. Mmoja wao tulimwona akichora kaa kwa mkaa juu ya kipande cha boksi. Alikwisha kuhesabu: miguu minane ya kutembelea na magando mawili, tena gando moja alilifanya kubwa kuliko la pili, kama alivyoliona. Ni watu wazima wangapi, waliokula kaa miaka mingi, wawezao kutaja hesabu hiyo bila kutazama? Mkono wa mtoto ulilazimisha jicho lake kusema kweli.

Hata Kariakoo, ambako wengi hudhani kuna maduka tu, maumbile hayakosekani. Yapo mafungu ya maembe na mafenesi, upo mwarobaini wa uani, na yupo kunguru mwenye shingo ya kijivu. Asili ya kunguru huyo ni Bara Hindi, naye aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19. Mtoto amchoraye hataacha kuuliza kwa nini shingo yake si nyeusi, na kwa swali hilo ataingia katika historia ya pwani yetu kwa mlango ambao hakuna mwalimu aliyemfungulia.

Wako watakaosema kwamba kuchora hakuleti ugali. Twawajibu kwa mfano wa mji huu huu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alifika pwani kutafuta kazi kama wengi wetu, na kwa muda alikuwa mfanyakazi wa hospitali ya Muhimbili. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi hiyo. Lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na wengi wamelisha watoto wao kwa mtindo huo.

Hata hivyo, hatumtaji ili kila mzazi aanze kuhesabu fedha za picha. Wala hatupendi mtoto wa Kariakoo ambaye hajamwona simba anakili simba wa dukani kwa kuwa simba ndiye anunuliwaye na wageni. Elimo Njau wa Marangu, mmoja wa walioanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, alihubiri miaka mingi dhidi ya kunakili. Twakubaliana naye. Kaa aliyepinda, aliyetazamwa na mtoto mwenyewe, ana thamani kuliko simba aliyenyooka wa kuazima.

Kwa miaka mingi mtihani wa darasa la saba haukupima uchoraji, na jambo lisilopimwa shuleni husahauliwa na nyumbani. Basi jukumu hili limetuangukia sisi wazazi. Yatupasa mambo matatu, wala hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, tuwape karatasi. Hatusemi za ofisini, maana mafaili ya serikali yana mwenyewe na kila karani aijua sheria. Twasema kalenda za mwaka uliopita, maboksi ya sabuni na mifuko ya kaki. Pili, siku ya mapumziko tuwapeleke Feri, au Bustani ya Mimea, au Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 1940, tusiwaharakishe. Tatu, tusimnyang'anye mtoto mkaa ili tumwonyeshe kaa "anavyotakiwa kuwa". Tumwulize tu: umeona nini?

Swali hilo ni dogo, lakini ndilo msingi wa kazi yetu sisi wenyewe. Karani mwema ni yule aandikaye kilichopo mbele yake, asiongeze wala asipunguze. Tukitaka watoto wetu waje kuwa watu wa kuaminiwa kwa kalamu, tuwaache kwanza wawe watu wa kuaminiwa kwa jicho. Na pwani ikichafuka, na mikoko ikikatwa, watakaotambua mapema kilichopungua ni wale waliokwisha kukihesabu miguu.