Runinga ya 4K, picha ya ukungu: Kabla ya kumlaumu muuzaji

Pita Luthuli Avenue, Nairobi, mwisho wa mwezi. Utaona vijana wakitoka madukani na runinga za inchi 43, 50, hata 55, nyingine zimefungwa kwa kamba juu ya boda. Bei zimeshuka, 4K limekuwa neno la kawaida, na mtu aliyehamia bedsita juzi tayari anaulizia skrini ya kufunika ukuta mzima. Dukani picha inawaka: kasuku wa rangi zote, matone ya maji juu ya tufaha. Kisha runinga inafika nyumbani, inachomekwa dekoda ile ile ya zamani, na taarifa ya habari ya saa moja inatokea kama imepakwa mafuta ya kujipaka. Msomaji wa habari hana nyusi. Mpira unakimbia ukiacha mkia.

Hasira ya kwanza humwangukia muuzaji. Ati ameuza feki. Feki zipo, sibishi, lakini mara nyingi runinga yenyewe haina kosa. Imeletewa picha ndogo, ikaambiwa iitandaze kwenye skrini kubwa.

Hesabu yake ni rahisi. Picha ya kiwango cha kawaida, ile inayoitwa SD, ina vitone 720 kwa upana na mistari 576 kwenda chini. Zidisha, unapata vitone 414,720. Full HD ni 1920 kwa 1080, yaani vitone 2,073,600, mara tano kamili. 4K ni 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3, mara ishirini. Kwa hivyo ukitazama chaneli ya SD kwenye skrini ya 4K, kati ya kila vitone ishirini unavyoviona ni kimoja tu kilichotoka stesheni. Kumi na tisa vimebuniwa hapo hapo sebuleni kwako, runinga ikiangalia majirani na kukisia. Ni kama kuchukua picha ya pasipoti ukaichapisha kwenye bango la mwaniaji ubunge kando ya Thika Road.

Zile TV za mgongo mrefu za kina shosho ziliificha aibu hii. Skrini ilikuwa ndogo, inchi 14 au 21, na namna ilivyowaka ilivichanganya vitone kwa ulaini hivi kwamba jicho halikuona mapengo. Mzee anayesema TV yake ya zamani ilikuwa safi kuliko hii yako ya elfu arobaini hajaanza kuzeeka vibaya. Kwa chaneli ile ile, ana hoja.

Sehemu ya lawama iko kwenye ahadi tulizopewa. Mwanzoni mwa 2015, Kenya ilipozima mitambo ya analogia na vituo vikubwa vikatoka hewani kwa karibu wiki tatu kwa mvutano na serikali, neno lililouza dekoda lilikuwa 'dijitali'. Wengi tukachukulia kwamba dijitali ni HD. Sivyo. Dijitali ni njia ya kusafirisha picha, HD ni ukubwa wa picha. Mfumo tulioingia, DVB-T2, unaweza kubeba HD bila taabu. Shida ni kwamba masafa mamoja hugawanywa kati ya chaneli nyingi, na chaneli moja ya HD hula nafasi ambayo ingetosha kadhaa za SD. Nafasi hiyo hulipiwa. Na hakuna kampuni ya sabuni itakayoongeza pesa ya tangazo kwa sababu nyusi za msomaji wa habari sasa zinaonekana. Ndiyo maana chaneli nyingi za bure kwenye antena zimebaki SD, tena SD iliyobanwa mpaka nyasi za uwanjani zinageuka viboksi mchezaji akipiga mbio.

Kwa maoni yangu basi, kumuuzia 4K mtu anayetazama antena tupu bila kumwambia haya ni kumpa nusu ya ukweli. Lakini ukishanunua umenunua, na kuna mengi ya kurekebisha bila kutoa shilingi.

Anza nyuma ya runinga. Ukiona zile nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, hapo umepata mshukiwa wa kwanza. Waya wa njano hubeba mwangaza na rangi vikiwa vimechanganywa pamoja, kisha runinga inahangaika kuvitenganisha. Ule mchezo wa vitone vinavyotambaa pembeni mwa maandishi hutokea hapo. Kama dekoda yako ina tundu la HDMI, tumia HDMI. Kebo ya bei nafuu inatosha kabisa, usidanganywe na ile iliyopakwa dhahabu. Na kama unatazama chaneli za bure pekee, huenda huhitaji dekoda. Runinga nyingi mpya zinazouzwa hapa zina kipokezi cha DVB-T2 ndani, kwa hivyo chomeka antena moja kwa moja, tafuta chaneli, uone.

Hatua ya pili watu huiruka. Ndani ya menyu ya dekoda kuna mahali pa kuchagua itoe picha ya ukubwa gani: 576, 720 au 1080. Ukichagua 1080, dekoda ndiyo itakayokisia vitone vinavyokosekana. Ukichagua 576, itaipa runinga picha jinsi ilivyo na runinga ndiyo ikisie. Kati ya kidude cha bei ya chini na runinga mpya, nani ana ubongo zaidi? Mara nyingi ni runinga. Lakini si kila mara, hivyo jaribu zote mbili kwenye kipindi kimoja, uangalie maandishi yanayopita chini ya skrini. Maandishi hayadanganyi.

Sasa chukua rimoti ya runinga yenyewe. Ikiwa picha iko kwenye 'Vivid' au 'Dynamic', itoe. Hiyo ni picha ya kushindana na taa za dukani. Weka 'Standard' au 'Movie'. Kisha nenda kwenye 'Sharpness' na uishushe, hata kama moyo unakataa. Jina lake linaahidi ukali wa picha, lakini haiongezi chochote kilichokosekana. Inachora tu mstari mweupe pembeni mwa kila kitu, na kwenye SD inachora hata pembeni mwa uchafu. Chaguo la kupunguza chengachenga, 'Noise Reduction', ambalo kwenye HD ningekuambia ulizime, hapa liweke kiwango cha chini. Litalainisha vile viboksi kidogo. Ukilipandisha sana, kila mtu anakuwa na ngozi ya mwanasesere.

Kuna pia ule ujanja wa kulainisha mwendo, unaofanya filamu ionekane kama mchezo wa kuigiza wa mchana. Mwigizaji Tom Cruise aliupinga hadharani mwaka 2018, akarekodi video ya kuwaomba watu wauzime. Kwenye picha iliyobanwa ni mbaya zaidi, maana runinga inabuni picha za katikati kutoka kwa picha ambazo zenyewe ni za kukisia. Zima.

Na tafadhali, acheni kuvuta picha. Vipindi vya zamani vilirekodiwa kwa umbo la 4:3, karibu mraba. Ukivilazimisha vijaze 16:9, kila mtu ananenepa. Ukitumia 'Zoom', unakata vichwa na kukuza vitone ambavyo tayari havitoshi. Acha mistari myeusi ikae pembeni. Haikuli umeme.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa ni umbali wa kiti. Jicho zima huacha kutofautisha mistari ya SD ukiwa umekaa umbali wa takriban mara sita ya urefu wa picha kwenda juu. Kwa Full HD ni kama mara tatu. Skrini ya inchi 50 ina kimo cha sentimita 62 hivi, kwa hivyo SD itaanza kupendeza ukikaa karibu mita 3.7. Mita 3.7! Katika bedsita nyingi ninazozijua, ukirudi nyuma hivyo uko kwenye korido ya ploti, unatazama kupitia mlango. Ya inchi 32 ina kimo cha sentimita 40, inahitaji mita 2.4, ambayo ni kutoka ukutani hadi kitandani. Mse anayetazama antena na DVD, akaokoa pesa na kununua ya inchi 32, ataona picha safi kuliko jirani aliyekopa kununua ya 55. Kama chakula chako kikuu ni Netflix au YouTube na bando unaimudu, hesabu inabadilika. Jiulize kwanza unatazama nini.

Halafu kuna flashi. Muvi zilizosimuliwa na DJ Afro, sizoni za kunakiliwa, video za harusi: nyingi zimebanwa mara tatu au nne kabla ya kukufikia, na kila kubanwa kumeondoka na kitu. Ukiona mistari kama meno ya kitana mtu anapotembea, hilo lina dawa. Video za zamani zilihifadhi kila picha kwa nusu mbili, mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, kisha wa pili, wa nne, wa sita. Kuna wakati kifaa kinashindwa kuziunganisha. Cheza faili hiyo kwa VLC kwenye laptopu iliyounganishwa kwa HDMI, kisha kwenye menyu ya video uwashe 'Deinterlace'. Meno yatapotea. Usichopaswa kufanya ni kupitisha faili kwenye programu ya kuigeuza kuwa HD. Utapata faili nzito mara nne yenye ukungu ule ule, na imebanwa mara moja zaidi. Afadhali kifaa kikuze picha wakati wa kuicheza, faili ibaki ilivyo. Kadi za Nvidia RTX, kwa mfano, zimekuwa zikifanya hivyo kwa video za mtandaoni tangu 2023.

Hapo ndipo tunaingia kwenye akili unde, na hapa sina furaha sana. Agosti 2025, YouTube ilikiri kwamba ilikuwa ikijaribu kusafisha baadhi ya video fupi bila kuwaambia waliozipakia. Wanamuziki wawili wa Marekani, Rick Beato na Rhett Shull, ndio waliopiga kelele baada ya kuona nyuso zao si zao kabisa. Oktoba mwaka huo kampuni ikatangaza kwamba video zilizopakiwa zikiwa chini ya 1080 zitakuzwa kwa akili unde hadi HD, mwenye video akiruhusiwa kukataa, na nakala ya awali ikibaki. Hiyo ruhusa ya kukataa ni muhimu, itumie. Kuna Vitimbi na Vioja Mahakamani za miaka ile, zote za SD. Runinga ikikisia kitone, inapata wastani wa majirani. Akili unde ikikisia, inachora jino, kovu, au kope ambazo huyo mwigizaji hakuwahi kuwa nazo.

Kwa vichekesho, sawa, tutacheka. Lakini video za simu za maandamano huzunguka zikiwa zimebanwa na WhatsApp mpaka uso ni viboksi sita, na hapakosi mtu wa kusema ameusafisha. Septemba 2025, FBI ilipotoa picha za ukungu za mtu aliyekuwa akisakwa baada ya Charlie Kirk kuuawa, watu mtandaoni walizipitisha kwenye akili unde na wakasambaza sura zisizofanana naye. Uso uliosafishwa namna hiyo ni mchoro. Ukishikilia video yenye uzito wa aina hiyo, itume kama hati, si kama video, ili isibanwe tena, na uhifadhi ile ya kwanza.

Ndivyo ilivyo pia na kanda za VHS zilizolala chini ya kitanda nyumbani. Kanda huzeeka hata zisipochezwa, kwa hivyo zipeleke zikanakiliwe mapema. Fundi akikuuliza kama akuwekee HD, mwambie hapana: akupe mistari 576 kama ilivyo kwenye kanda, bila kulainisha na bila kukata pembeni. Kama mathe anataka toleo la kung'aa la kuonyesha wageni, litengenezwe kutoka kwa nakala, na ile faili ya kwanza ikae kwenye diski mbili tofauti, nyumba mbili tofauti.