Harusi ya Kihindi Kando ya Ziwa: Msimu Ni Upi?

Tarehe 26 Novemba 2023, Waziri Mkuu wa India, Bwana Narendra Modi, alisema na watu wake redioni akawauliza wenye uwezo kwa nini wanakwenda kuozana katika nchi za watu. Aliwataka wafanyie harusi zao nyumbani, ili fedha zibaki nyumbani. Mkuu wa nchi kubwa kama ile hapandi redioni kwa jambo dogo. Harusi ya Kihindi inayofanyiwa ng'ambo ni msafara mzima: siku tatu au nne, wageni mamia, hoteli iliyokodiwa yote, wapishi, mafundi wa maua, wapiga ngoma, na farasi wa bwana harusi. Sisi watu wa pwani tumeziona Mombasa na Diani, na faida yake tunaijua, na hasara yake tunaijua pia.

Leo nataka niitazame habari hii kutoka upande mwingine wa Kenya, kando ya Ziwa Victoria, katika kaunti za Homa Bay na Migori. Homa Bay si mji wa kujificha tena. Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za taifa za Madaraka zilifanyika pale, na Agosti ya mwaka uo huo ukafanyika mkutano mkuu wa ugatuzi. Mji uliopokea umati ule waweza kupokea harusi. Vivutio navyo viko: visiwa vya Rusinga, Mfangano na Takawiri, mbuga ya Ruma yenye korongo ambao Kenya nzima hawapatikani tena porini ila pale, na huko Migori, kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018.

Msomaji atauliza: Mhindi wa Leicester anatafuta nini Homa Bay? Jawabu ni kwamba anatafuta duka la babu yake. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaanza kuzunguka Ziwa, wafanyabiashara wa Kihindi walizifuata bandari ndogondogo: Kendu Bay, Homa Bay, Karungu. Waliuza chumvi, nguo, sukari na mafuta ya taa, wakanunua ngozi, ufuta na mahindi. Wengi walijifunza Kijaluo kabla ya Kiingereza. Kisha zikaja sheria za mwaka 1967 za leseni za biashara na za uhamiaji, na maelfu ya Wahindi wa Kenya wakahamia Uingereza. Waliobaki walitambuliwa na serikali Julai 2017 kuwa kabila la 44 la Kenya. Kwa hivyo mjukuu akitaka kufunga ndoa ufukweni mwa Ziwa, kwake ni ng'ambo, lakini kwa ukoo wake ni kurudi.

Basi swali ni moja: aje lini? Wengi hudhani ni swali la mvua na jua tu. Mimi naona kuna kalenda tatu zinazopaswa kusomwa pamoja, na anayesoma moja akaacha mbili atajuta.

Ya kwanza ni kalenda ya wenye harusi. Wahindu huhesabu miezi kwa mwandamo kama sisi, lakini kila baada ya miaka mitatu hivi huongeza mwezi wa 13 ili wasiachane na jua. Sisi tumekatazwa jambo hilo katika Surat Tawba, na ndiyo maana miezi yetu huzunguka mwaka mzima na yao haizunguki. Mwezi ule wa nyongeza hawaozi. Mwaka 2026 umeangukia kati ya Mei na Juni. Kisha iko miezi minne, kuanzia Julai hadi Oktoba au Novemba, ambayo itikadi yao yasema mungu wao Vishnu amelala. Hiyo nayo ndoa hakuna. Baada ya Diwali mlango hufunguka, harusi zikawa kama mvua. Lakini hufungwa tena katikati ya Disemba hadi tarehe 14 Januari, muda ambao Wagujarati huuita kamurta. Juu ya hayo yote mnajimu hutazama nyota. Zuhura au Mushtari akipotea katika mwanga wa jua, saa njema haipatikani. Januari ya 2026 ni mfano: Zuhura alikuwa nyuma ya jua, na waliofuata hesabu hiyo wakangoja Februari.

Mzee mmoja wa Kihindi niliyezungumza naye Kisumu, ambaye babake alikuwa na duka Homa Bay, alinieleza taabu ya jamaa zake kwa maneno machache. Alisema ndugu wa Uingereza hupata likizo wakati wa Krismasi, na Krismasi ndiyo wakati padri wao anaposema hapana. Kwa hivyo kila ukoo huvutana: vijana wataka tarehe 27 Disemba kwa sababu ya tikiti na likizo, wazee wataka Februari kwa sababu ya nyota.

Kalenda ya pili ni ya Ziwa lenyewe. Wajaluo wana chwiri, ndiyo masika, kuanzia Machi hadi Mei. Na wana oro, ndicho kiangazi. Vuli huja tangu Oktoba hadi Disemba. Masika ya kule si ya kufanyiwa mchezo. Mto Kuja hufurika ukaingia Nyatike, udongo mweusi hugeuka ulimbo, na gari likinasa halitoki ila kwa ng'ombe au trekta. Mwaka 2024 masika yalihamisha watu katika vijiji vingi vya ufukweni. Anayepiga hema la harusi Aprili kando ya Ziwa amejitakia mwenyewe.

Hapa ndipo penye fumbo. Kwa mtalii wa kawaida, miezi inayosifiwa ni Julai hadi Septemba, nyumbu wakiwa wamevuka kuingia Maasai Mara, ambayo si mbali na Migori. Wauzaji wa safari wangependa sana kumwambia Mhindi, "Oa ziwani, kisha ukatazame nyumbu." Lakini miezi hiyo ndiyo ile ambayo mlango wa ndoa umefungwa kwao. Novemba nayo mlango uko wazi, na vuli iko juu ya vichwa. Ukitoa masika, ukatoa miezi minne, ukatoa vuli, ukatoa kamurta, kinachobaki, ukiacha Juni, ni kipande kimoja: tangu katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari. Kule ni oro, kwetu pwani ni kaskazi. Njia ni kavu, mashua zapita Mbita kwenda visiwani, na joto la mchana hupoozwa na upepo wa Ziwa.

Kalenda ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo ni ya wenyeji. Hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Harusi kubwa ikija Novemba au Disemba, shule zimefungwa na watoto wako mitaani. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Homa Bay asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikwisha shika mimba, na Migori asilimia 23 vilevile, wakati kwa Kenya nzima ilikuwa asilimia 15. Upande wa Kuria, Disemba ya miaka mingi ndiyo msimu wa jando, na mabinti hukeketwa kwa siri ingawa sheria ya mwaka 2011 imekataza. Kuongeza juu ya hayo wiki za taa, muziki wa usiku kucha na wageni wenye fedha ni kuongeza kuni motoni. Pwani tumeyaona haya, hatuhitaji kusimuliwa. Mwisho wa Januari mtoto yuko darasani, na mzazi ambaye ametoka kulipa karo anahitaji kibarua kuliko wakati wowote.

Aidha kuna suala la chakula, na hapa wenyeji wanaweza kukosea kwa wema. Mjaluo akipata mgeni humtolea samaki. Lakini Wahindu wengi wa Kigujarati hawali samaki wala nyama. Jamaa zao Wajaini huzidi: hata kilichochimbwa ardhini hawali, si kitunguu, si kiazi. Viazi vitamu vya Kabondo vyenye sifa Kenya nzima havitaguswa katika karamu ya namna hiyo. Kinachotakiwa ni mananasi, mapapai, maziwa, ndizi, mboga za majani, choroko, maharage na kunde. Mavuno ya mvua za vuli huingia ghalani Januari na Februari, kwa hivyo msimu huohuo unamkuta mkulima ana kitu cha kuuza. Mvuvi naye hatakosa lake, maana wageni watahitaji mashua. Wavuvi wa omena huvua usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Harusi ikipangwa siku za mwezi mpevu, mashua na vijana wake wako huru.

Sasa tuje kwetu Waislamu, maana Wahindi si Wahindu peke yao. Wako Mabohora, Makhoja, Mameman na Makokni, na ziwani tuna ndugu zetu Wajaluo Waislamu, ambao Mskiti wao wa Tawakal, Kendu Bay, ni katika misikiti mikongwe ya Nyanza. Niliswali Adhuhuri pale nikaona nafsi yangu iko Lamu. Dini yetu haina mwezi wa nuhusi. Waarabu wa jahilia waliuogopa Mfunguo Mosi kwa ndoa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwoa Bibi Aisha katika mwezi huohuo. Hata hivyo wapo kwetu wanaouogopa Mfunguo Tano hadi leo, na hao hawana haki ya kumcheka Mhindi na Zuhura wake. Ada yetu ni kujaza harusi Shaabani, kabla ya kufunga, na Mfunguo Mosi, baada ya kufungua.

Na hapa ndipo hesabu inaponishangaza. Ramadhani ya 2026 yaanza kiasi cha tarehe 18 Februari, na ya 2027 kiasi cha tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo. Maana yake katika miaka hiyo miwili Shaabani yetu inaangukia Januari na Februari, ndani ya kipande kilekile kilichobaki baada ya kutoa masika, vuli, miezi minne na kamurta. Mhindu, Mwislamu na Ziwa wamekutana mlango mmoja. Lakini hautakaa hivyo. Mwaka 2028 Ramadhani itaanza mwisho wa Januari, na kipande hicho kitakuwa mwezi wa saumu. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja mwanzo wa Januari na nyingine mwisho wa Disemba. Mwenye hoteli asiyejua hayo ataandaa karamu ya mchana mfanyakazi wake amefunga, na mpishi wetu wa biriani atakataa kazi, na haki yake.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa wakuu wa kaunti hizi mbili ni mfupi. Wasiuze Julai kwa mtu asiyeoa Julai. Waandike kalenda moja yenye mvua, shule, mavuno, nyota za Wahindu na mwezi wetu, waiweke mbele ya kila anayekuja kukodi ufukwe. Na katika mkataba waandike mapema mboga zitanunuliwa kwa nani, mashua ni za nani, na muziki utazimwa saa ngapi.

Nasema hivyo kwa sababu pwani hatukufanya. Harusi zilikuja na wapishi wao, maua yao na mafundi wao, na kijana wetu akabaki kubeba viti. Aliyepanga msimu ndiye aliyevuna. Ndugu zetu wa Ziwa wana nafasi ya kukaa mezani tarehe inapochaguliwa. Wakingoja kuambiwa siku, watakuwa wageni katika harusi iliyofanywa kwao.