Mwalimu, Mwanao Anakungoja

Jumamosi iliyopita nilikuwa sebuleni nikisahihisha insha za wanafunzi wangu. Binti yangu wa miaka minne akanijia: "Baba, kitendawili!" Nikamjibu, "Ngoja, nina kazi." Aliporudi mara ya tatu, nilimkemea. Punde nikamwona amemketisha mwanasesere wake mbele yake, akimfokea: "Ngoja, nina kazi!"

Walimu wenzangu, maneno hayo yalikuwa yangu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, unamtaka mzazi ashiriki katika elimu ya mwanawe. Sisi huwahubiria wazazi hayo katika kila mkutano. Je, nyumbani kwetu nani atuhubirie? Insha zaweza kungoja hadi usiku. Utoto haumngoji mtu.

Niliyafunga madaftari, nikaketi sakafuni. "Kitendawili!"

Akaitika, "Tega!"