Tuta Halisimami Peke Yake

Nimechoka kusikia kwamba udongo wa milima ya Usambara unaisha kwa sababu Wasambaa ni wakaidi. Kauli hiyo niliisikia tena hivi karibuni katika semina moja hapa Lushoto, na wasomi wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Naipinga, na nitaanza na hesabu.

Mwaka 1970 mwanahisabati Mwingereza, John Conway, alibuni Mchezo wa Uhai. Ni uwanja wa miraba. Kila mraba una majirani wanane, nao ama u hai ama umekufa. Mraba hai huendelea kuishi ukiwa na majirani hai wawili au watatu. Mraba mfu hufufuka ukiwa na majirani hai watatu kamili. Basi. Hakuna mkuu wa uwanja wala faini.

Chora miraba minne hai iliyoshikana, miwili juu, miwili chini. Kila mmoja una majirani hai watatu, na umbo hilo halibadiliki daima. Ua mmoja: mitatu iliyobaki inaendelea kuishi, na katika hatua inayofuata pengo linafufuka lenyewe. Ua miwili kwa mpigo: kila uliobaki una jirani mmoja tu, na yote inakufa. Uimara haumo ndani ya mraba. Umo katika ujirani.

Sasa tazama mteremko wa Mlalo. Maji yanayokishinda kingo cha shamba la juu hayaulizi mpaka. Yanashukia shamba la chini. Tuta langu hulindwa na tuta la aliye juu yangu. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha hapo mradi wa kuhifadhi udongo, ikaamrisha matuta, ikamhesabu kila mkulima peke yake na kumtisha kwa adhabu. Wakulima waligoma, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mradi ukaachwa. Je, hawakuijali ardhi? Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wakulima hawa, ameonyesha kwamba walikuwa na fikra yao nzito ya kisiasa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu.

Wapo watakaosema kwamba mwanadamu si mraba. Kweli kabisa: mraba hauwezi kugoma, Msambaa aligoma. Lakini ikiwa hata kitu kisicho na akili hakisimami bila jirani, kwa nini sisi wenye shahada tunaendelea kumhutubia mkulima mmoja mmoja?

Hoja yangu ni hii. Tuhesabu mteremko, tusihesabu shamba. Msaada wa miche, zana na utaalamu upewe safu nzima ya majirani, kutoka kileleni hadi mtoni. Mama akiugua, au kijana akienda Dar es Salaam na kuliacha tuta lake, majirani wawezeshwe kuliziba pengo hilo kwa msaragambo, tena mapema, kabla la pili halijafunguka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumewaachia ufa watu mmoja mmoja, kisha tunawalaumu kwa ukuta ulioanguka. Pengo moja hupona. Mawili ni maporomoko.

Tafakari.